Nusu Kibaba cha Liwali Badawi

Palikuwa na liwali mmoja, Badawi, mnene, haki ya Mungu, mnene wa kubebwa na wanaume wanne. Na alibebwa kweli, kwenye machela, hata kwenda msikitini hapo mlangoni. Ujira wa mchukuzi ulikuwa kibaba kimoja cha mtama kwa siku. Siku moja akaamka na lake: "Kibaba kizima ni israfu. Kuanzia leo, nusu."

Machano, mchukuzi wa mbele, alikuwa na watoto sita. Kibaba chenyewe walikuwa wakigombania ukoko, sembuse nusu. Roho ilimuuma, jamani, lakini akainamisha kichwa, akainua machela.

Kumbe Liwali alikuwa anakwenda kuposa, ng'ambo ya hori la bahari, na kanzu yake ya hariri. Maji yalikuwa yamekupwa. Walipofika katikati, tope magotini, Machano akasimama, na wenzake wakasimama.

"Kuna nini?"

"Nusu kibaba imeishia hapa, bwana. Ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa ikikufikisha."

"Nitaajiri wengine. Wenye njaa wamejaa mjini."

"Tele, bwana. Waite."

Liwali akatazama huku na huku. Aliona kaa wawili, nao wana shughuli zao. Machela ikashuka shubiri moja.

"Nikiwaongeza nyinyi, kila mtu atataka. Mji utapata hasara."

"Hasara ya mji iko mbali, bwana. Ya kanzu ndiyo hii inakuja."

Shubiri nyingine. Maji nayo yameanza kujaa.

"Wee Machano, kubeba si ujuzi. Ni miguu tu, na miguu Mungu kampa kila mtu."

"Alhamdulillahi. Basi shuka, bwana."

Pindo la kanzu likagusa tope. Liwali akapiga ukelele ambao hata bibi harusi mtarajiwa aliusikia.

"Viwili! Vitatu! Vibaba vitatu kila siku, niinueni!"

Wakamwinua. Wakamvusha kwa wimbo, mguu sawa, mpaka mchanga mkavu. Liwali akashuka, akajikung'uta, akakohoa kikubwa. Nyuma yake hori limeshafurika.

"Sikilizeni, nyie. Ahadi ya topeni haina shahidi. Ni nusu kibaba, palepale."

Machano akaiweka machela chini, akaketi juu yake, akanyoosha miguu.

"Hewala, bwana. Posa njema. Na nyumbani utarudi na nani?"