Benchi la Hildegarda

Wapo watu ambao wakisikia hodi huficha chungu kwanza, ndipo waulize ni nani. Kwao kila mgeni ni mdomo wa kulishwa. Husahau kwamba mdomo huo umekuja na mikono miwili. Wahenga walilijua jambo hilo kabla yetu, na watu wa Lukolo walilijua zama za Mwingereza, shule yao ilipokuwa katika hatari ya kufa.

Lukolo kilikuwa kijiji cha wakulima wa mpunga kwenye mbuga za Tindiga, wilayani Kilosa. Upande mmoja ulitanda mpunga, upande wa pili mkonge ulisimama safu kwa safu kama askari wenye mikuki. Katikati ya mkonge huo ilikuwapo kambi ya manamba, watu walioletwa kutoka Songea na Ubena kuja kufanya kazi kwa mkataba. Shule ilikuwa ya udongo na nyasi. Joha, mjane mwenye ulimi mkali na mikono isiyojua kupumzika, alikuwa miongoni mwa wanawake waliokanda udongo wa kuta zake kwa miguu yao. Aliipenda shule ile kama alivyompenda mwanawe wa pekee, Mwinshehe, aliyekuwa darasa la nne.

Mwaka huo Bwana Elimu alikuja kutoka Kilosa mjini kukagua. Aliyatazama mabenchi matupu, uso ukamkunjamana.

"Wanafunzi ni wachache, na katika mtihani uliopita hakufaulu hata mmoja," aliwaambia wazazi waliokusanyika. "Ruzuku ya serikali si maji ya mto. Mambo yakibaki hivi, itapewa shule nyingine na hii itafungwa."

Maneno yale yaliwachoma kama msumari wa moto. Shule nyingine ya jirani ilikuwa ng'ambo ya Mkondoa, na wakati wa masika mto ule haumbembelezi mtu.

Bwana Elimu alipoondoka, Mwalimu Wenceslaus alisimama. "Wazee wangu, kambini kuna watoto wengi wasio na shule. Tuwakaribishe."

Joha aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Watoto wa manamba? Leo wapo, kesho mkataba umekwisha wamekwenda zao! Watatuachia upele na matusi. Mwanangu hakai nao benchi moja."

Wazee waliguna kumuunga mkono, na shauri la mwalimu likafia palepale.

Mpunga ulipoanza kuiva, kwelea waliingia makundi kwa makundi kama moshi wa gari la moshi. Wazazi waliwatoa watoto shuleni wakaamie mpunga na kufukuza ndege, Mwalimu Wenceslaus akabaki na watoto wa kuhesabika. Joha peke yake aliapa kwamba Mwinshehe hatakosa masomo. Alipanda mwenyewe kila alfajiri dunguni, kwenye jukwaa la kulindia mpunga, akapiga debe na kuzungusha kombeo mpaka sauti ikamkauka. Lakini mwili si chuma. Asubuhi moja homa ilimwangusha kitandani.

"Leo nenda wewe shambani, baba," alimwambia mwanawe.

"Na mtihani unaokuja, mama?"

"Mtihani hauliwi, mwanangu. Nenda."

Mtoto aliondoka akifuta machozi. Jua lilipopanda, Joha alisikia vigelegele na kelele za madebe kutoka shambani kwake. Alijikongoja akaenda. Hakumwona Mwinshehe. Aliwaona wanawake wa kambini wametawanyika kando ya mpunga, wakifukuza ndege kwa nyimbo na mawe.

"Mwanangu yuko wapi?" aliuliza kwa hofu.

Mmoja wao, mke wa mkata mkonge aitwaye Filomena, alishuka dunguni akapiga goti. "Shikamoo, dada. Nimempeleka shule. Nilikuwa nakwenda kuchota maji nikamkuta analia huku anarusha mawe. Nikawaita wenzangu. Kambini hatuna mashamba. Mikono yetu imelala tu."

"Marahaba," Joha alijibu kwa sauti ndogo. "Na yale niliyoyasema mbele ya watu, hukuyasikia?"

"Niliyasikia, na yaliniuma. Lakini mtoto anayelilia shule hana kambi wala kijiji. Hata wangu analia hivyohivyo. Alifika darasa la tatu misheni, kwetu Songea. Sasa anashinda akisuka kamba."

Joha alitazama chini. Aibu ilimpanda kuliko homa.

"Anaitwa nani?"

"Hildegarda."

"Kesho mlete. Atakaa benchi moja na Mwinshehe."

Alipopata nafuu, Joha alipita nyumba kwa nyumba. Aliyekuwa wa kwanza kukataa akawa wa kwanza kuomba. Shauri likapatikana: wanawake wa kambini wataamia mpunga na kupata fungu lao wakati wa mavuno, na watoto wote wataingia darasani. Wanaume wa kambi nao walikuja Jumapili na milingoti mirefu ya mkonge, wakaiezeka shule upya. Haikuwa rahisi. Watoto wa Lukolo walimcheka Hildegarda kwa lafudhi yake, mpaka Joha alipotokea mlangoni na mwiko mkononi. Kicheko kilikatika kama uzi. Tangu hapo Hildegarda alimfundisha Mwinshehe hesabu, naye Mwinshehe akamnyooshea Kiswahili.

Mtihani ukafanywa. Mwaka mpya ulipoingia, Bwana Elimu alirudi, na safari hii hapakuwa na benchi tupu la kutazama.

"Katika shule zote za mbuga hii, Lukolo imeongoza," alitangaza. "Ruzuku inabaki, tena inaongezwa. Mtapata mwalimu wa pili. Na aliyeshika nafasi ya kwanza ni Hildegarda."

Mwinshehe naye alikuwa miongoni mwa waliofaulu. Vigelegele vilipasua anga. Mgeni mmoja kutoka kijiji jirani, aliyekuja kusikiliza matokeo, alimgusa Joha begani.

"Huyo wa kwanza si mtoto wa manamba?" aliuliza.

Joha alijifunga khanga vizuri, akamkazia macho. "Huyo ni mtoto wa Lukolo. Ana mama wawili: mmoja yule pale, na wa pili ndiye unayezungumza naye."

Kisha akamfuata Filomena, akamshika mkono, wakaingia pamoja katika duara la ngoma. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.