Dumu la Umazi

Hapo zamani, ila si zamani sana, katika mwaka ambao mvua zilikuwa zimekosekana misimu minne, jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwa Mwero lilikuwa hili: mkewe, Umazi, alichana kipande cha sare kuukuu ya shule, akakifunga kwenye mkono wa dumu la lita tano, akaenda kuliweka kwenye foleni ya kisima. Hiyo ilikuwa Jumanne.

"Dumu limevaa kilemba! Linakwenda kuoa?" watu wakamtania.

"Ndiyo, linaoa," akajibu Umazi. "Mpisheni bwana harusi."

Lambo lilikuwa limekauka, na kisima kilitoa maji kidogo kidogo. Foleni ilichukua siku sita, kwa hiyo madumu yalisimama badala ya watu. Sheria zilikuwa mbili: dumu lisilosogezwa linatupwa nje, na mtu mmoja anasogeza dumu moja tu.

Shuleni nako kulikuwa na sheria. Kila Jumatatu mtoto alileta lita tano kamili, mpishi akaandika jina lake ubaoni kwa chaki, na mwenye jina akanywa uji wiki nzima. Nusu haikupokelewa, na dumu moja liliandikiwa jina moja. Kwa watoto wengi, uji huo ndio uliokuwa chakula chao.

Umazi hakujaliwa mtoto. Kila wiki alimchotea maji Mbodze, yatima aliyeishi na bibi asiyeona. Ile sare kuukuu ilikuwa ya Mbodze.

Alhamisi kifua kilimbana Umazi. Ijumaa alizikwa.

Mwero hakulikumbuka dumu hata mara moja. Jumapili alasiri mlinzi wa kisima alimwita.

"Dumu la marehemu limejaa. Mwenye neno ni wewe."

Pembeni ya dumu walisimama watu watatu.

Mejumaa, jirani yake, alisema kwanza. "Shemeji, Ijumaa nilitoka mazikoni nikakuta wameliweka kando. Mtu ananiambia, 'Maiti hanywi maji.' Nikamwambia, 'Dumu halijafa, lirudishe!' Nimelisogeza siku tatu kwa mkono huu. Langu sikuruhusiwa kuligusa, likatupwa nje. Kesho mwanangu Munga ataandikwa kwa maji gani?"

Mzee Ndoro alikohoa kwanza. "Mwanangu, sikuja kudai. Kilichotolewa kwa ajili ya maiti hakirudishwi, nalijua hilo. Lakini mlipita nyumba saba mkiomba maji ya kumwoshea mkeo, na nyumba sita zilisema hakuna. Nilitoa madumu mawili, langu na la mjukuu wangu. Sasa Chizi ananiuliza, 'Babu, maji yangu yako wapi?'"

Mbodze hakuwa na maneno mengi. Alikigusa kile kitambaa.

"Hiki ni cha sare yangu. Bibi Umazi aliniambia lenye kitambaa ni langu."

Mejumaa akainama mpaka nyuso zao zikalingana. "Ni kweli, mwanangu. Lakini bila mimi ungelikuta kichakani, tena tupu."

"Ndiyo, mama," Mbodze akakubali. Akafikiri kidogo. "Lakini bila mimi lisingewekwa kwenye foleni."

Mzee Ndoro akatazama chini.

Mwero naye alikuwa na dai lake, ila hakulitamka. Lile fundo ndilo la mwisho Umazi kulifunga. Hakutaka mtu yeyote alifungue.

"Nipeni mpaka asubuhi," alisema, akalibeba dumu nyumbani. Akalitua karibu na mafiga, mahali Umazi alipozoea kuliweka. Tangu mazishi alikuwa hajanywa ila vikombe viwili vya chai ya majirani. Koo lilikuwa kavu. Hakunywa.

Asubuhi ya Jumatatu alilifuta dumu vumbi, akalipeleka shuleni. Watoto watatu walikuwa wamesimama langoni, Munga, Chizi na Mbodze, kila mmoja mikono mitupu. Munga alimwamkia.

Mwero akaliweka dumu mbele ya mpishi. Fundo lilimshinda kwa vidole, kwa kuwa Umazi alikuwa na mazoea ya kukaza. Akalifungua kwa meno, polepole, bila kukichana kitambaa, akakikunja na kukitia mfukoni.

Mpishi alimimina maji sufuriani mpaka tone la mwisho. Kisha akachukua chaki.

"Niandike jina la nani, Mzee Mwero?"

Mwero aliwatazama watoto mmoja mmoja. Akataja jina moja, akageuka, akaenda na dumu tupu kulisimamisha mwisho wa foleni ya kisima.

Nanyi mnaosikiliza, chaki hiyo sasa ni yenu. Yupo aliyelisogeza dumu, yupo aliyetoa maji ya kumwosha marehemu, na yupo aliyewekewa maji hayo tangu mwanzo. Je, ni mtoto yupi aliyestahili kuandikwa?