Zimwi Lililotaka Kisu cha Kukunja

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmemeza mchanga? Paukwa!

Pakawa!

Ehee, hapo sawa. Sasa sogeeni. Wewe Hidaya, acha kumfinya mwenzio. Hadithi hii mimi sipendi kuisimulia kwa watu wawili watatu, naogopa, ndiyo maana nimewaita wote.

Basi, hapo kale palikuwa na fundi wa visu, mwanamke, jina lake Siwatu. Baba yake alikuwa mhunzi. Alipokufa alimwachia mivukuto ya kupulizia moto, fuawe la kufulia chuma, nyundo tatu, na mdogo wake wa kike, Mize, mtoto wa miaka saba. Mama yao alikuwa amekufa zamani. Walikuwa wawili tu, na Siwatu alimpenda Mize kuliko roho yake.

Siwatu alifua visu vya kukunja. Mnavijua? Kile kisu kidogo, bapa lake hulala ndani ya mpini. Pale ubavuni mwa bapa pana mchirizi mdogo wa kutia ukucha. Ukitaka kukata, unatia ukucha, unavuta. Ukimaliza unakikunja, unatia mfukoni, unakwenda zako.

Wakata ukindu walikuja kwake. Wachunga mbuzi walikuja kwake. Wauza machungwa walikuja kwake. Kila anayekuja husema, "Fundi, nipe kile kinachong'aa." Na Siwatu hujibu, "Nionyeshe mkono kwanza."

Maana kisu cha kutembea nacho kila siku hakichaguliwi kwa macho. Mwenye kiganja kidogo ukimpa mpini mkubwa, atakiangusha. Mwenye jasho la mikono ukimpa mpini wa pembe, utamteleza. Basi Siwatu huushika mkono wa mteja, akaugeuza, akaubonyeza, ndipo akaenda kufungua sanduku. Watu walimcheka, lakini visu vyake havikurudishwa.

Kiwanda chake kilikuwa mbali na nyumba za watu kwa sababu ya kelele za nyundo. Mtu angelia huko mpaka koo likauke, asisikiwe.

Siku moja, Ijumaa, saa saba kasorobo mchana, wanaume wote wako msikitini, wanawake wako jikoni. Jua linawaka, njia nyeupe, hapiti hata kuku. Akaja mzee.

Amevaa kanzu nyeupe, safi, imepigwa pasi. Mikono ya kanzu ni mirefu, imemfunika vidole.

"Hodi, fundi."

"Karibu. Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka kisu cha kukunja."

Siwatu akafungua mdomo aseme, nionyeshe mkono kwanza. Akaona haya. Mzee mzima, kanzu nyeupe, siku ya Ijumaa, utamwambiaje apandishe mikono ya kanzu kama mtoto wa chuoni anayekaguliwa kucha? Akanyamaza. Hilo ndilo kosa lake. Wala msimcheke, na nyinyi mngenyamaza.

Akasema, "Mize, mletee babu maji."

Mize akaja na kata ya maji, ameishika kwa mikono miwili isimwagike. Akapiga magoti kwa adabu. Mzee hakuipokea kata. Alimpokea Mize.

Mkono wa kanzu ulirudi nyuma, kucha zikatoka. Kucha tano, kila moja shubiri nzima, zimepinda kama mundu. Zikamzunguka Mize shingo. Kata ikaanguka chini, maji yakamwagika.

Watoto, simwiti tena mzee. Lile lilikuwa zimwi.

"Usipige kelele, fundi," likasema. "Ukipiga kelele, nakaza."

Siwatu hakupiga kelele.

Zimwi likacheka. Kinywani hamna jino hata moja, ufizi mtupu.

"Unaona? Nimezeeka," likasema. "Meno yamekwisha. Zamani nilimeza mzima mzima, sasa koo limekuwa jembamba. Kucha hizi zinashika lakini hazikati. Nataka kisu."

"Babu, si uchukue panga?"

"Panga watu huliona, wakakimbia. Mimi nataka kisu ambacho mtu hakioni mpaka kimfikie. Cha kutembea nacho kila siku, sokoni, harusini, matangani. Nichagulie, fundi. Ukinichagulia kizuri, nitaanza na huyu haraka. Ukinichagulia kibaya, nitaanza na huyu polepole."

"Dada," akasema Mize. Basi, hilo tu.

Siwatu akaenda kwenye sanduku. Akatoa kisu cha kwanza, mpini wa pembe. Zimwi likakibana kwa magoti, likatia ukucha wa kidole gumba cha kulia, likavuta.

Kwaruu! Ukucha ukateleza.

"Hakifunguki," likasema zimwi, "nami nina njaa."

Akatoa cha pili, mpini wa mpingo. Likakibana kwa magoti, likatia ukucha, likavuta.

Kwaruu!

"Hakifunguki, nami nina njaa." Na mkono wa kushoto ukakaza kidogo. Tone la damu likamtoka Mize shingoni, likateremka taratibu mpaka kwenye nguo.

Akatoa cha tatu, mpini wa mti wa mkwaju. Likakibana, likatia ukucha, likavuta.

Kwaruu!

"Hakifunguki! Hakifunguki! Hakifunguki! Fundi, unanichezea?"

"Sikuchezei, babu!" Siwatu analia sasa. "Wallahi sikuchezei. Kosa si la kisu. Ukucha wako ni mrefu mno. Ule mchirizi unataka ukucha mfupi, kama wangu. Tazama." Akachukua kisu, akakifungua mara moja, akakikunja, akakirudisha.

Zimwi likamtazama sana. "Unataka kunikata kucha ili nisiweze kushika."

"Mmoja tu, babu. Wa gumba la kulia. Zilizobaki zako."

Zimwi likafikiri. Nzi aliingia kinywani mwake akatoka, lenyewe bado linafikiri.

"Mmoja," likasema. "Wa gumba. Wa kulia. Na mtoto ninamshika. Mkono wako ukitetemeka, wangu utakaza."

Mnajua kukata ukucha wa mtu huku mnaambiwa msitetemeke? Jaribuni. Siwatu akachukua koleo, akapiga magoti mbele ya zimwi, akaushika mkono ule. Ulikuwa baridi, unanuka damu ya zamani. Akakata kidogo kidogo, kidogo kidogo, kidogo kidogo, mpaka ukucha wa gumba ukawa kama wa mtu.

Na hapo, bila kukusudia, akafanya alilozoea. Aliugeuza ule mkono. Aliubonyeza. Akatia mpini wa koleo kiganjani, na vile vidole vikaufumbata mpini pande zote, vikaubana, kama kitoto kichanga kinavyobana kidole cha mama. Mkono ule haukujua kushika kwa ncha. Ulijua kufumbata tu.

Siwatu akajua kisu cha kuupa.

Akarudi sandukuni, akainua vitambaa, akatoa kisu cha chini kabisa. Hakikuwa kizuri. Mpini mwembamba, springi yake ngumu mno. Alikifua akakificha, hakutaka kumuuzia mtu yeyote, kwa sababu kilikuwa kikijifunga kwa hasira.

"Hiki ndicho chako, babu," akasema.

Zimwi likakibana kwa magoti. Likatia ule ukucha mfupi. Likavuta.

Kikafunguka.

Lahaula! Bapa likatoka, linametameta kwenye jua. Zimwi likakichukua kwa mkono wa kulia, likakifumbata. Likajaribu kwenye ukanda wa ngozi uliokuwa unaning'inia mlangoni. Ukanda ukaanguka vipande viwili, hata haukutoa sauti.

"Fundi," likasema, na sauti yake ilikuwa tamu, "umenichagulia vizuri." Likamgeukia Mize.

Mize akafumba macho.

"Babu!" Siwatu akasema. "Hujakikunja!"

"Nitakikunja nikishiba."

"Ukishiba utakuwa na usingizi, na mimi nitakuwa nimekufa kwa uchungu. Nani atakufundisha? Utatembea na kisu kiko wazi. Sokoni watakiona. Harusini watakiona. Matangani watakiona. Watakimbia wote."

Zimwi likasita. Kisu kikiwa hewani, likasita.

"Kinakunjwaje?"

"Kwa mkono huohuo ulioshika. Weka mgongo wa bapa juu ya paja, ukandamize kwa nguvu."

Sasa nikwambieni jambo la wafua visu. Anapomfundisha mteja kukunja kisu, fundi yeyote, awe mzee awe kijana, husema, "Toa vidole." Maana vidole vikibaki mbele ya mpini, bapa linarudi juu yake. Siwatu alikuwa akilisema hilo hata kwa wateja wa zamani, mpaka wakamchoka. Toa vidole. Toa vidole. Toa vidole.

Siku ile lilikuja mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

Zimwi likafumbata mpini kama lilivyozoea, vidole vyote vinne mbele. Likaweka mgongo wa bapa juu ya paja. Likakandamiza kwa nguvu.

Kwach!

Mlio uliotoka kinywani mwa zimwi, sitauiga. Nikiuiga hamtalala. Kisu kilijifunga juu ya vidole vinne mpaka mfupani, kikakaa. Mkono wa kushoto ukamwachia Mize, ukaenda kuusaidia wa kulia. Ukatia kucha kwenye mchirizi.

Kwaruu! Zikateleza.

Kwaruu! Zikateleza.

Kwaruu! Ukucha mfupi ulikuwa mmoja tu, nao uko kwenye mkono ulionaswa.

Siwatu alishamnyakua Mize. Wakaingia chumba cha nyuma cha kufulia, akafunga mlango wa mbao, akatia komeo, akaegemeza fuawe. Wakakaa chini, wamekumbatiana.

Zimwi likaja mlangoni. Likakwaruza. Mbao ni nene, na kucha zinashika tu, hazikati. Likakwaruza mpaka likachoka.

Kisha likaanza kusema polepole.

"Nifungulie, fundi. Sitamla."

"Nifungulie, mjukuu wangu. Nitakwenda mbali, hutaniona tena."

"Nifungulie kisu tu. Kisu tu, mama. Kinauma. Mimi mzee."

Watoto, Siwatu alikuwa na huruma. Tangu aanze kufua hakuwahi kumwacha mtu na kisu kidoleni, hata mlevi, hata mwizi. Na mzee anayelia mlangoni, sauti yake ni sauti ya mzee. Mkono wa Siwatu ukanyooka wenyewe, ukashika komeo.

Mize akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Aliubana tu, na shingo yake ilikuwa bado inatoka damu.

Siwatu akalitazama lile tone. Mkono ukarudi chini.

Huko nje sauti ikaendelea. Nifungulie. Nifungulie. Ikawa mbali kidogo. Nifungulie. Ikawa mbali zaidi, upande wa vichakani, nyembamba kama ya mbu. Halafu haikusikika.

Watu waliporudi kutoka msikitini waliona damu inakwenda mpaka kwenye miiba, ikaishia hapo. Walipiga hodi, Siwatu hakufungua. Wakamwita kwa jina, hakufungua. Akaja imamu mwenyewe, mzee mpole anayemjua tangu utotoni.

"Siwatu, mwanangu, fungua. Ni sisi."

Siwatu akasogeza fuawe. Akafungua mlango kidogo, kiasi cha kupita kiganja.

"Babu imamu," akasema, "nionyeshe mkono kwanza."

Na imamu, na kanzu yake nyeupe, akapandisha mkono wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, akautia mlangoni. Siwatu akaushika, akaugeuza, akaubonyeza. Ulikuwa na joto. Ndipo akaanza kulia kwa sauti.

Hadithi yangu imekaa kitako hapo, siwezi kuinyanyua tena. Na funzo lake ni hili: mwenye kuchagua kisu atoe mkono kabla ya kutoa macho, na mwenye kuuza asione haya kuuomba mkono huo, hata mteja akija na kanzu ya Ijumaa. Haya, nendeni mkalale. Hidaya, funga mlango.