Leso ya Velko

"Mshika leso husikiliza mguu wa mwisho." Vijana walipoisikia methali hiyo katika mazoezi ya ngoma, walimwuliza mwalimu wao, Bibi Zlatina, imetoka wapi. Akaketi, akawapa chanzo chake.

Ilikuwa sikukuu katika kijiji cha milimani, magharibi mwa Bulgaria. Watu walikuwa wakijipanga kucheza horo, ngoma ya kushikana mikono katika mstari mmoja mrefu, mara akatokea mgeni mzee, vumbi limemjaa hadi magotini. Jina lake Dobri, mtu wa Dobruja, nchi tambarare ya ngano huko mashariki. Aliomba naye acheze.

Kiongozi wa mstari ndiye hushika leso, na siku hiyo alikuwa Velko, kwa mara yake ya kwanza. Marehemu baba yake aliishika leso hiyo hiyo. Sharti lilikuwa moja: kiongozi akipunguza mwendo, humkabidhi leso anayemfuata.

"Shika mkiani, baba," Velko akamwambia mgeni. "Sitakuacha."

Zumari la mfuko wa ngozi likalia. Watu wa milimani hucheza upesi, hatua fupi na nyepesi, kama bisi kikaangoni. Dobri yeye alikunja magoti, akakanyaga kwa uzito kama anayeshindilia udongo. Mkia wa mstari ukaanza kuvutika.

"Mzee, hapa hatukamui zabibu kwa miguu," mmoja akamtania.

Stamen, aliyemfuata Velko, akamnong'oneza, "Aachwe huyo, la sivyo mstari utakatika. Ukipunguza, leso ni yangu."

Velko akageuka. Alimwona mzee anahema, bado ameng'ang'ania mkono wa jirani yake, macho yamemwelekea yeye. Akaishusha leso. Mpiga zumari akaelewa, akapunguza.

Hapo ndipo wote walipoona. Kila kishindo cha Dobri kilitua mahali pake, na mabega yake yaliyumba taratibu kama ngano upeponi. Mmoja baada ya mwingine wakakunja magoti wakamfuata, hadi ardhi ikaitika chini yao.

Zumari liliponyamaza, Velko akampa Stamen leso bila kuambiwa.

"Umeipoteza kwa ajili yangu, mwanangu," Dobri akasema.

"Nilikuambia sitakuacha, baba."

Stamen aliitazama leso mkononi mwake. Zumari lilipoanza tena, hakuinua mguu mpaka alipogeuka kuangalia mkiani. Tangu siku hiyo, kila anayekabidhiwa leso pale kijijini huambiwa kwanza: mshika leso husikiliza mguu wa mwisho.