Kwa Nini Pombe ya Ulezi Hunywewa kwa Mirija

Hapo kale, kabla watu wa milimani hawajajua mrija, pombe ya ulezi kila mtu aliinywa kivyake. Aliyealikwa kwenye kazi alikuja na kibuyu chake, akapimiwa fungu lake, akaenda kulinywea kwake. Kwa hiyo mpika pombe ilimpasa awe na vyombo vingi: chungu cha kupikia, kingine cha kuchachushia, kung'uto la kuchujia, na chungu kingine tena cha kuwekea pombe iliyochujwa. Asiye na vyombo hakupika, na asiyepika hakuwa na wa kumsaidia kazi.

Siku hizo aliishi mjane aitwaye Subilaga, pamoja na mama mkwe wake, Tumpe, ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi na hakuweza kutoka kitandani. Masika yaliyopita, upande mmoja wa paa uliporomoka jikoni ukavunja vyombo vyote. Kilisalia chungu kimoja tu cha kupikia mboga, kilichokuwa nje kikikaushwa, na kitako cha chungu kingine. Kiangazi kizima walijibana upande wenye paa. Sasa mawingu yalikuwa yameanza tena kujikusanya mlimani, na hata upande ule nyasi zilikuwa zinaoza.

Subilaga alizunguka kuazima vyombo, ili apike pombe ya kuwaalika watu waje kumwezekea paa. Hakufukuzwa popote. Mmoja alisema vyungu vyake vimejaa, mwingine alisema chake kina ufa, na kila mmoja alimpa pole ya kweli. Alirudi mikono mitupu, akaketi kando ya mafiga.

"Pika humo humo," Tumpe alimwambia kutoka kitandani.

"Mama, kitatosha watu wangapi? Na sisi tutapikia nini?"

"Sisi tutachoma viazi majivuni."

Basi Subilaga akaloweka ulezi, akaufunika kwa majani ya mgomba hadi ukaota, akauanika, akausaga. Akapika uji mzito, mzito kupita kawaida, kwa sababu chungu kilikuwa kidogo na alitaka uji uwe na nguvu ya kubeba maji mengi baadaye. Uji ulipopoa akachanganya kimea, ule unga wa ulezi ulioota aliokuwa ameubakiza, akakiacha chungu palepale jikoni, maana hakuwa na pa kumiminia. Upepo wa mlimani ulipita kwenye lile paa bovu, na pombe ikakataa kuumuka. Aliinamia chungu asisikie hata povu moja likipasuka. Tumpe akavua blanketi lake la magome ya mti akamtupia.

"Kifunike. Mimi baridi nimeizoea, chenyewe hakijazoea."

Subilaga alikifunika, akamkumbatia mkwe wake ili apate joto. Kulipokucha, chungu kilikuwa kinanong'ona.

Siku ya kazi watu walikuja na nyasi na matete, vibuyu vimening'inia mabegani. Walikuwemo Kasebele na Mwaisumo, majirani waliogombania mpaka wa shamba na ambao kwa miaka mingi hawakusalimiana. Mmoja alipanda paa upande huu, mwingine upande ule. Jua lilipofika utosini, nusu ya paa bado ilikuwa wazi, na ngurumo ilisikika kwa mbali. Wakashuka kunywa.

Kasebele akachota. Kibuyu kilitoka kimejaa makapi, kwa kuwa pombe haikuwa imechujwa. Akatema, akamwaga, akasema kwa upole kwamba heri aende nyumbani kabla mvua haijamkuta njiani. Wengine wakaanza kufunga vibuyu vyao.

Subilaga aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Lakini alimfikiria mama aliyelala ndani. Akachomoa tete jembamba kwenye mzigo wa kuezekea, akalipuliza kuona kama liko wazi, akafunga ncha yake kwa nyuzi za nyasi ili makapi yasipite. Akapiga magoti, akalizamisha chunguni, akavuta wa kwanza mbele ya wote. Kisha akamkatia Kasebele tete lake.

"Vuta, baba. Makapi yatabaki chini."

Kasebele akavuta, akavuta tena. Wengine nao wakakata yao. Matete yalikuwa mafupi, basi ikabidi wote wachuchumae kukizunguka chungu, goti kwa goti. Pombe ilipopungua, Subilaga aliongeza maji aliyoyachemsha katika kile kitako cha chungu, na ule ulezi mzito ukatoa tena utamu wake. Mwaisumo alikuta nafasi moja tu, ubavuni mwa Kasebele. Walikunywa kwa muda, vichwa vyao vikikaribia kugusana.

"Sogeza tete lako kidogo," Mwaisumo alisema. "Linagonga langu."

Kasebele akasogeza.

Waliporudi juu, walipanda upande mmoja. Mmoja alirusha nyasi, mwenzake akafunga. Mvua ilipopiga, Tumpe alinyoosha mkono kando ya kitanda akapapasa sakafu. Ilikuwa kavu.

Na tangu siku hiyo, watu wa milimani hunywa pombe ya ulezi katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na maji ya moto huongezwa hadi ulezi uishiwe utamu. Mwenye pombe huvuta wa kwanza. Waliogombana hukalishwa jirani. Hakuna anayewaambia wapatane. Wanaachwa tu wanywe.