Ua Lililojua Adabu

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mlimani, alikuwako Sultani Shekue, aliyependa kuinamiwa kuliko alivyopenda pilau. Kila aliyefika mbele yake aliinamisha kichwa mpaka apewe ruhusa ya kuinuka, hata Waziri mwenye mgongo mbovu, maskini.

Basi Sultani akaletewa zawadi ya ua liitwalo haidranjia, lenye vichala vinene vya buluu. Mtunza bustani wake, fukara mmoja jina lake Vuai, akalipanda chini ya mfenesi, akalizungushia mimea ya majimbi na kangaga ili udongo usikauke. Ua likanawiri, lakini Sultani akakasirika.

"Mbona ua langu linajificha kama mwali? Lihamishie juani, mbele ya baraza, wageni walione!"

"Ewe Bwana wangu, ua hili halipatani na jua la mchana. Litalegea."

"Kwangu hakilegei kitu bila amri yangu! Kesho adhuhuri nikilikuta limeinamisha kichwa, utatolewa mjini juu ya punda, uso umeelekea mkiani."

Vuai akaingiwa na hofu, kwani nje ya mji ule hakuwa na ndugu wala jamaa. Akalihamisha ua, akalimwagilia maji, akamwomba Mungu alete mawingu. Mungu akaleta jua.

Adhuhuri Sultani akatoka na wageni wake. Loo! Ua limeinama, majani yananing'inia kama masikio ya mbuzi.

"Leteni punda!"

"Bwana wangu," akasema Vuai, naye ameinama vilevile, "Waziri ameinama, wageni wameinama, nami nimeinama. Ua peke yake lingethubutu kukuinulia kichwa, si ungeniadhibu kwa kulilea vibaya?"

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama chini, kama kawaida yake.

"Na nikiondoka?"

"Kapumzike ndani, Bwana. Jioni litainuka."

Ikawa jua liliposhuka, ua likainuka. Sultani alichungulia dirishani, akafurahi mno kuheshimiwa hivyo, kisha akanuna. "Sasa mimi uso wake nitauona lini mchana?"

"Tulirudishe chini ya mfenesi, Bwana. Kule halitakuona ukija."

Likarudishwa, likapona. Siku moja mchana Sultani akaliendea kwa kunyata, viatu mkononi. Matawi ya mfenesi yalikuwa ya chini, basi akainama, akazidi kuinama, hata kilemba kikagusa majimbi. Mbele yake ua limesimama wima.

Alipotaka kuinuka, akamsikia Vuai nyuma yake: "Taratibu, Bwana wangu. Ua halijakupa ruhusa."

Sultani akacheka hata akaketi juu ya kangaga. Tangu siku ile Waziri akaruhusiwa kusimama wima, na Vuai akapewa yule punda, akampanda uso umeelekea mbele.