Mwaka Ambao Mhogo wa Mbodze Haukuguswa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya waliovimbiwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakichota maji kisima kimoja na kugombania ndoo moja, palikuwa na manju, yaani mwongoza nyimbo, mwanamke aitwaye Mbodze. Sauti yake ilivuka mabonde. Na hakuna jina alilowahi kulikosea.

Kijijini kwake, mavuno yakiisha, Tumbili alipiga ngoma, wakazi wakabanana bega kwa bega kufanya duara, na Mbodze akaita majina. Aliyeitwa aliingia katikati akaigiza mwaka wake ulivyokuwa. Aliyefiwa aliigiza kilio chake, kijiji kizima kikalia naye, akarudi nyumbani mwepesi. Aliyeiba kuku aliigiza wizi wake, akachekwa mpaka akaona haya. Kila aliye hai aliitwa. Asiyeitwa ni marehemu tu. Mtoto mchanga alilijua hilo.

Sasa, Nungunungu alikuwa na miiba mirefu kuliko ya mume wake. Katika kubanana kule aliwachoma watu mbavu.

"Manju, mruke mwaka huu tu," Tumbili akasema. Mbodze akamruka.

Mavuno yaliyofuata: "Mwaka huu tu, manju." Akamruka tena, akamruka na Mzee Kalama, kwa kuwa mkongojo wake uliwakwaza wachezaji. Mwaka wa tatu Tumbili hakusema neno. Ulimi wa Mbodze ulishazoea, ukawaruka wenyewe.

Miezi ikapita, Mbodze akaenda shambani kwake. Kila mwaka Nungunungu alimchimbia mihogo, naye kila mwaka alimporomoshea matusi. Safari hii akakagua tuta la kwanza, zima. La pili, zima. La tatu, zima! Badala ya kufurahi, akajiuliza: mwizi wangu yuko wapi? Akashika njia kwenda kwa Nungunungu.

Njiani akakutana na mume wa Nungunungu. Loo! Hana mwiba hata mmoja. Uchi kama yai!

"Shemeji! Umepatwa na nini?"

"Nimenyoa, manju. Nimefiwa."

"Pole! Umefiwa na nani?"

"Na mke wangu."

Mbodze akashika kichwa. "Lini? Mbona hatukusikia kilio?"

"Ulipomaliza kuita majina," akajibu yule bwana, wala hakukasirika. "Mimi nilimwona anapumua, lakini manju hakosei."

Mbodze akakimbia, kanga ikimdondoka. Akafika kwenye shimo la Nungunungu, chini ya kichuguu.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, jamani!"

"Wafu hawaitikii hodi," sauti ikatoka ndani. "Nenda zako."

Akaingia kwa magoti. Nungunungu alikuwa amelala chali, amejifunika majani ya mgomba, mbavu zinahesabika. Hajala siku nyingi, kwani wafu hawali.

"Nungunungu, wewe u hai!"

"Nani kasema? Mwaka wa kwanza nilijiambia, kasahau. Wa pili nikajiambia, sauti imemkauka. Wa tatu nikamuuliza mume wangu: nimekufa lini, mbona hukuniambia?"

Gizani nyuma yake mtu akakohoa. "Huyo ni Mbodze? Muulize kama ana ugoro." Alikuwa Mzee Kalama, amekaa na mkongojo wake mapajani.

"Babu! Nawe umo humu?"

"Nikae wapi, mjukuu wangu? Makaburini ni mbali, na mguu huu." Akamtazama sana. "Nawe kumbe umekuja kuhamia. Nilijiuliza utafika lini."

"Mimi? Mimi ni mzima!"

"Nani alikuita?"

Mbodze akahesabu mavuno kwa vidole. Miaka yote hiyo aliita majina ya kijiji kizima, na hakuna aliyewahi kuliita lake. Hata mwaka aliomzika mama yake aliimba mpaka mwisho, akaenda kulala na kilio chake kifuani.

Alipotoka mle hakusimama mpaka kwa Tumbili. "Piga ngoma!"

"Ngoma ya mavuno, na mahindi bado machanga? Mama, umerukwa na akili?"

"Piga, au nitaipiga kwa kichwa chako!"

Ngoma ikalia, watu wakaja wakikimbia. Mbodze akaingia katikati peke yake, akaigiza alichofanya, bila kupamba: akaita majina, akafika pa Nungunungu, akageuza uso. Akaigiza mume anavyong'oa miiba, mmoja mmoja. Akaigiza mke anavyojifunika majani. Watu wakaduwaa. Mama mmoja akaanguka chini.

"Nimewaua kwa mdomo huu," Mbodze akasema, "nanyi mkaitikia kiitikio." Kisha akaita: "Nungunungu!" Kimya. "Nungunungu!" Kimya. "Nungunungu!"

Akamwita na Mzee Kalama, mara tatu vilevile. Chaka-chaka, chaka-chaka, miiba ikasikika njiani, na mkongojo ukifuata, ko, ko.

"Atatuchoma!" Tumbili akapiga kelele.

"Panueni duara!"

Wakarudi nyuma hatua moja. Nungunungu akapita, Mzee Kalama akapita, hakuna aliyechomwa, hakuna aliyekwazwa. Hatua moja, jamani! Miaka mitatu ya kuruka watu, mpaka wakaoza shimoni, kwa sababu ya hatua moja ya kurudi nyuma! Msinitazame hivyo, mimi sikuwapo.

Nungunungu akaigiza kifo chake, kijiji kikalia. Akamaliza, lakini hakutoka. Akageuka, akaita kwa sauti iliyokauka kwa njaa:

"Mbodze!"

Ngoma ikanyamaza. Mbodze akasogea katikati. Akakaa chini kama mtu anayemwosha maiti, akaanza kuosha hewa, taratibu, tangu kichwani. Wote wakajua ni mama yake. Wakaketi pamoja naye.

Basi, hadithi yangu imekomea hapo, duarani. Nanyi mliobanana karibu na moto, rudini hatua moja. Kuna watu nyuma yenu.